Sufuria Isiyojua Watu Wachache

Mpishi hakuwa na salamu. Watu wengine huuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, mpaka jua lenyewe linachoka kusubiri. Yeye alikutazama mabegani, akachungulia nyuma yako kana kwamba umeficha foleni, kisha akauliza: "Mko wangapi?"

Aliwauliza wote. Alimuuliza padri aliyekuja kumpa baraka. Alimuuliza askari wa kaunti aliyekuja kukagua vyoo vya ploti, na yule askari, kwa kuzoea kuogopwa, akajibu, "Niko peke yangu," akaachwa amesimama pale kama mtu aliyekiri kosa. Mimi aliniuliza siku nilipohamia ploti ile ya Rongo, nyumba za kupanga alimokaa naye, godoro likiwa kichwani. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshahesabu: mimi, mke wangu Mama Akinyi, Akinyi mwenyewe, na mdogo wake mgongoni.

"Wanne," alisema, kwa uso wa mtu aliyepokea mshahara wenye makato. "Si mbaya. Ni mwanzo."

Alikuwa amepika miaka na miaka katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Rangwe. Wasichana mia sita, kwa hesabu yake ya kawaida. Akishakunywa chai walifika elfu moja. Na mimi nikisimulia huwa elfu mbili, kwa maana sioni faida ya kumpunguzia mtu kazi aliyokwisha kuifanya. Alipostaafu aliagwa kwa wimbo, akapewa shuka, na kwa ombi lake mwenyewe akapewa sufuria iliyozeeka pamoja naye, yenye kiraka kitakoni. Ile haikuwa sufuria. Lilikuwa bwawa. Fundi wa nguo, jirani yetu Msabato, alisema mtu mzima angebatizwa mle ndani na bado maji ya kuwaogesha mashahidi yangebaki. Mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia, na asipokuwa akipika aliutumia kama mkongojo.

Taabu ni kwamba hakujua kupika kidogo. Mama Akinyi alimhurumia, akampelekea kisufuria chetu cha mchele. "Jaduong', jipikie tu kikombe kimoja," alimwambia, akimwita mzee kwa Kiluo. Mzee alikishika kama mtu anayeokota kiatu cha mtoto mchanga njiani. Akapika. Chumvi aliitia kwa mkono uleule uliozoea elfu mbili. Ule wali tuliwamwagia kuku, nao kuku wakanywa maji mpaka jioni, na nasikia mmoja wao alihamia ploti jirani.

"Mkono wangu haujui wachache," alisema bila aibu.

Hayo ni ya kuchekesha. Lakini kuna jambo moja katika habari zake ambalo silikuzi hata kidogo, kwa sababu halihitaji: hakuweza kula peke yake. Mkewe alikuwa amekufa, wanawe wako mbali mjini. Alikuwa akifinyanga tonge la ugali, akalishika, akatazama mlango, halafu akalirudisha sahanini. Miezi ile ya kwanza suruali yake iliacha mshipi ikaanza kufungwa kwa kamba ya katani, na kamba nayo ikawa inaongezwa mafundo. Mtu aliyenenepesha kizazi kizima cha wasichana alikuwa akikonda mbele ya macho yetu kwa kukosa wa kula naye.

Ndipo akaona moto wetu.

Ploti ilikuwa na vyumba kumi, na kila jioni palikuwa na majiko kumi mlangoni, juu ya kila jiko maharagwe yaleyale, yakichemka kwa ukaidi uleule, yakila makaa ya bei ileile. Mpishi alipita katikati na mwiko wake kama jenerali aliyeshindwa vita.

"Moto kumi kwa maharagwe ya aina moja!" alipiga kelele. "Hata shetani hana moto wa kuchezea hivi! Yalowekeni tangu asubuhi, mnipe mimi. Nina sufuria. Leta, omera, ndugu yangu. Mama Gati, leta."

Mama Gati, Mkuria kutoka huko karibu na mpaka, aliuza ndizi stendi na hakuwa mtu wa kubabaishwa. "Mimi nikupe maharagwe yangu, halafu nitajuaje yangu ni gani?"

"Utayajua," alimjibu. "Ni yale yatakayokuwa tumboni mwako."

Zamani katika boma la Mluo kulikuwa na duol, kibanda cha mwenye boma, na kila mke alipeleka pale sahani ya alichopika, wanaume wakala pamoja kutoka kila jiko. Mpishi alitangaza kwamba ameleta duol katika nyumba za kupanga. Ila yeye aliwakalisha wote, wake kwa waume, na Fundi hapo alikwama.

"Jaduong', mimi nikae kula na wanawake? Watu wa kwetu wakisikia?"

"Sufuria haivai suruali," Mpishi alisema. "Kaa chini."

Akakaa. Tulikaa sote, tukala, na moto ukawa mmoja. Makaa yaliyobaki yaligeuka kuwa mchicha, na nyanya, na ndimu. Ni muujiza ambao hata Fundi, mtu wa kukagua miujiza kwa makini, aliukubali.

Kuhusu samaki palikuwa na itifaki. Dini ya Fundi haikumruhusu samaki asiye na magamba; kwa hiyo kamongo na mumi hawakukanyaga sufuria ile, na kila samaki mwingine alionyeshwa kwa Fundi kwanza, magamba yake, kama kitambulisho kwa polisi. Lakini samaki mkubwa alikuja mara chache. Hapa kwetu mnofu wa mbuta hupanda ndege kwenda kuliwa na watu tusiowajua, nasi hubakiwa na mgongo wazi, ile mifupa yenye kichwa na mkia inayokaangwa na kuuzwa sokoni. "Wazungu wamevaa koti," Mpishi alisema, "wametuachia hanga la kulitundikia." Hata hivyo alilichemsha lile hanga mpaka likatoa supu nzito ambayo, nikiapa kidogo tu, ingesimamisha mwiko.

Mpenzi wake alikuwa omena, dagaa wa ziwani. Gorogoro moja, kopo zima la omena, aliipokea kwa mikono miwili. Aliiosha kwa maji ya moto, akayamwaga maji, akaiosha tena mpaka mchanga wa ziwa ukaisha, akaikausha juu ya moto bila mafuta, ndipo akaleta kitunguu na nyanya. "Mbuta ukimla, kichwa kinabaki sahanini kikikucheka," alituambia. "Omena unammaliza na kichwa chake, na mifupa yake, na mawazo yake yote."

Misemo kama hiyo alikuwa nayo gunia zima. Kuhusu mafuta: "Ni mgeni. Mkaribishe, usimpe kitanda." Kuhusu vyakula vya dukani: "Karatasi ikimetameta, ujue umenunua karatasi." Kuhusu mboga za kienyeji, osuga na kunde na mrenda zilizojiotea penye ua wa nyuma bila kuomba ruhusa, alisema kwamba Mungu alizifanya chungu ili matajiri wasizigundue. Alizipika kwa maziwa kidogo, akazilaza, akazipasha kesho yake, na uchungu ukaondoka kama mgeni aliyeelewa.

Ugomvi wake mkubwa kabisa na Mama Akinyi ulihusu mayai. Tulikuwa na kuku watano, na mke wangu, mwanamke mwenye akili za biashara, aliuza mayai yote ili anunue mkate mweupe na soda ya Jumapili, watoto waonekane wanaishi.

"Mama Akinyi, yai limetoka hapo," Mpishi alisema, akionyesha kuku kwa mwiko, "na mdomo uko hapo," akimwonyesha Akinyi. "Ni hatua ngapi? Kwa nini lipande bodaboda?"

"Jaduong', mkate nao ni chakula."

"Mkate huo ni pamba. Mpe fundi ajazie mto."

"Na wewe kijiko cha nne cha sukari unachotia hapo ni cha nini?"

Mpishi alikitazama kikombe chake kana kwamba kimemsaliti. "Chai si chakula," alijibu kwa heshima kubwa. "Chai ni mazungumzo."

Ndivyo alivyokuwa. Alihubiri dhidi ya sukari huku akikoroga. Alipika githeri, mahindi kwa maharagwe, ya kuwaliza watu kwa utamu, lakini yeye hakuionja. Alisema amekwisha kuiangalia vya kutosha katika maisha yake. Aliamini, na hakuna mtu aliyeweza kumtoa hapo, kwamba vitamini husikia, na ukizungumza huku ukipika mboga zitatoka nje kufuata maneno. Mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari baba wa watoto wawili, nilimweleza kwamba kitabu cha bayolojia hakisemi hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nihame kutoka upande wa mchicha.

Lakini mtoto wa mwisho wa Mama Gati, aliyekuja Rongo na nywele zilizopauka kuwa nyekundu, miguu imevimba, na kilio kisicho na nguvu, alianza kucheka. Mamake alikuwa amempeleka zahanati, akapewa dawa na ushauri kwamba mtoto ale maharagwe, samaki na mboga, ushauri ambao maskini husikia kama kuambiwa anunue gari. Kutoka kwenye sufuria ile alivipata vyote bila mamake kuvinunua vyote. Nywele zikarudi nyeusi. Mama Gati alimletea Mpishi jogoo wa shukrani. Mzee alisema ushukuriwe ukimya. Yeye alichofanya ni kutozungumza karibu na mchicha.

Jogoo yule ndiye aliyetuharibia.

Kwa sababu alipoingia sufuriani, kila mtu alijua ametoka kwa nani. Mluo ana kitu kinachoitwa nyadhi, ile raha ya kutembea kana kwamba barabara ilichongwa kwa ajili yako, na nyadhi haipendi kuona jogoo wa mtu mwingine akisifiwa. Siku iliyofuata Fundi alitoa samaki ngege mzima, wa kukaushwa kwa moshi, akampitisha polepole mbele ya milango yote kumi, magamba na yote. Mama Akinyi alinivuta ndani.

"Baba Akinyi, kwa hivyo sisi ndio tumebaki watu wa kunde?"

"Kunde ni dawa, mama. Mzee mwenyewe anasema."

"Dawa wapewe wagonjwa! Jana Fundi ameangalia bakuli letu hivi." Akanionyesha alivyoangalia. Kwa kweli lilikuwa jicho baya.

Nilileta matumbo. Mama Gati akajibu kwa maini. Fundi akajibu kwa mbuzi, robo nzima, na akashona siku hiyo akiwa amefungua mlango. Nikaleta nyama ya ng'ombe yenye mafuta kiasi kwamba mbwa wa Rongo nzima walinisindikiza. Mchicha ulikauka uani bila mchumaji. Omena ikaitwa chakula cha bata. Mpishi alipika alicholetewa, hakusema neno, na ninyi mnajua sasa kwamba ukimya wake ulikuwa wa mboga tu; ukimya huu mwingine hatukuuzoea.

Mwezi haukufika katikati. Tuliishiwa, vyumba vyote kumi, kwa pamoja na kwa usiri mkubwa. Hakuna aliyetaka kupeleka bakuli la kunde mbele ya watu waliokula mbuzi wake juzi, kwa hiyo hakuna aliyepeleka chochote. Kila nyumba ilivuta pazia ikanywa strungi, chai kavu isiyo na hata kumbukumbu ya maziwa. Na ili jirani asijue, tulipika kelele. Mimi mwenyewe nilikoroga maji matupu yanayochemka, nikiugonga mwiko ukingoni, nikisema kwa sauti, "Mama Akinyi, hii nyama imekataa kuiva!" Ukuta wa pili nikamsikia Fundi, Msabato mcha Mungu, akikwangua sahani tupu kwa kijiko. Sijui kama kijiko kikidanganya mwenye kijiko hutubu.

Na uani, penye sufuria kubwa, Mpishi alikuwa ameketi. Kila jioni alitoka na mwiko wake, akangoja, giza likiingia akarudi ndani. Tulimwona kupitia mapazia. Alikuwa na ugali wake na kikombe cha maharagwe, havikumpungukia, angeweza kula. Kamba ya katani ikaongezwa fundo.

Mama Gati ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alitoka na kifuniko cha sufuria akakipiga kwa jiwe mpaka wapita njia wakasimama.

"Tokeni! Tokeni nyinyi wenye nyama isiyoiva! Huyu mzee hajala tangu mlipoanza kutengeneza kelele. Mimi sina kitu, nina unga wa mtama na chumvi. Haya, nimesema. Nani mwingine hana kitu?"

Mlango wa Fundi ukafunguka. Alikuwa na omena kwenye kipande cha gazeti, amekishika chini kidogo, kama kitu cha haramu. Mama Akinyi akatoka na mayai matatu ambayo hayakuwa yamepata bodaboda. Mwingine nusu boga. Mwingine njugu konzi moja. Watoto wakatumwa uani kuchuma mrenda. Vikiwa kila kimoja peke yake vilikuwa aibu kumi. Vilipolala pamoja juu ya gunia lililotandikwa uani, vilionekana kama karamu.

Mpishi alisimama, akatuangalia mmoja mmoja, mpaka wale waliokuwa nyuma. "Mko wangapi?" aliuliza, ingawa alitujua kama vidole vyake.

Alikula usiku ule mpaka akalegeza fundo. Kisha akapitisha sheria, ya kwanza na ya mwisho ya ploti ile: mwenye kuleta nyama asifiwe, ale kama wengine, na baada ya kula aioshe sufuria. Peke yake. Kuosha sufuria ile kulimaanisha kupiga magoti, kuingiza kichwa na mabega, na kusugua huku makalio yako yakizungumza na umma. Hakuna nyadhi inayoweza kunusurika katika hali hiyo. Fundi alijaribu mara moja, siku ya ubatizo wa mwanawe, na suruali yake ya kitambaa kizuri ikapasuka katikati, yeye aliyekuwa fundi. Tangu hapo nyama ilikuja siku ya sikukuu tu, imefunikwa, na mletaji amevaa nguo kuukuu.

Mwenye ploti alipoamua kujenga maduka ya mawe, tulitawanyika. Fundi alikwenda Awendo. Mama Gati alirudi kwao na wanawe wenye nywele nyeusi. Sisi tulivuka tu barabara. Sufuria ilipanda lori la miwa hadi Homa Bay, halafu boti, pamoja na Mpishi hadi kwao kisiwani Mfangano, na wanaosema ilivuka ziwa yenyewe huku Mpishi akiwa ndani akipiga kasia kwa mwiko wamelisikia hilo kutoka kwangu.

Nilimwona tena mwaka jana. Nauza viatu vya mitumba, na nilikuwa nimevuka kwenda Mfangano siku ya soko. Nikaona haya kumfikia mzee mikono mitupu, basi nikanunua kilo moja ya nyama, nikapanda mlima hadi kwake.

Wa kwanza kuniona walikuwa kuku. Walitoka chini ya sufuria. Ilikuwa imefudikizwa uani, imeegemezwa jiwe upande mmoja, nao walilala humo. Mpishi alikuwa kibarazani. Kwenye jiko palikuwa na kisufuria kidogo kama kile chetu cha zamani, ukubwa wa kiatu cha mtoto, na ndani yake kitu kilichopikwa asubuhi na hakijaguswa. Sikutaka kuangalia mshipi wake, nikauangalia. Ilikuwa kamba.

"Karibu," aliniambia. "Habari ya Rongo?"

Nilishtuka. Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza habari.

"Njema, Jaduong'. Watoto wanakusalimu. Unakula lakini?"

"Mwanangu hutuma pesa ya chakula kila mwezi," alisema. "Kwa simu. Haijakosa hata siku moja. Mtoto mzuri." Alikisogeza kisufuria kwa ncha ya mwiko. "Hutuma pesa ya chakula. Mlaji mwenzangu hajamtuma."

Nikamnyooshea mfuko.

"Umeleta nini?"

"Nyama, Jaduong'."

Aliuangalia mfuko. Akaniangalia mimi, akaangalia suruali yangu mpya, halafu akaangalia sufuria iliyojaa manyoya na samadi ya misimu kadhaa. Kitu kilipita usoni mwake ambacho sikuwa nimekiona tangu Rongo.

"Basi," alisema, "sheria unaijua."

"Jaduong', si huoshwa baada ya kula?"

"Kwa hali ile, tutaanza na wewe."

Nikavua shati. Nikaipindua sufuria, nikaomba maji, nikapiga magoti nikaingia. Ndani kulikuwa na giza, harufu ilikuwa ya kuku wote waliowahi kuumbwa, na kila nilichokisugua kilinguruma kama radi. Nadhani ngurumo ile ilifika mpaka ufukweni, kwa maana nilianza kusikia miguu. Nikasikia mama mmoja akiuliza kwa nini mtu wa bara ameliwa na sufuria. Wengine wakacheka, wanaoanika omena, na watoto, na aliyenibebea mzigo wa viatu kutoka botini, na wengine tena nyuma yao. Nilitaka kutoka nione ni akina nani, lakini mabega yalikuwa yamekwama.

Ndipo nikamsikia, juu ya mgongo wangu, akigonga ukingo kwa mwiko ili wanyamaze.

"Mko wangapi?"